Kwa mwenye mashine ya gemu iliyofunguliwa, si kila sasisho ni la kukubali

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni kuhusu ushauri uliochapishwa wiki iliyopita katika ukurasa wenu wa teknolojia, kwamba msomaji akubali mara moja kila sasisho linaloletwa kwenye kifaa chake, kiwe simu, kompyuta, televisheni au mashine ya gemu. Kwa simu na kompyuta sina ubishi, maana anayetunza pesa zake kwenye simu kisha akaiacha miaka miwili bila kuisasisha anajitafutia mwenyewe. Lakini kuitia mashine ya gemu katika kapu hilohilo, bila hata neno moja kwa wenye mashine zilizofunguliwa, ni kuwapoteza watu wengi, na mimi ni mmoja wa waliopotea kabla hata ushauri huo haujaandikwa.

Ninaposema mashine iliyofunguliwa sina maana ya kifuniko kilichotolewa skrubu. Nazungumzia PlayStation, Xbox, Wii au Switch ambayo programu yake ya ndani, ile inayoiwasha na kuamua gemu ipi ichezwe na ipi ikataliwe, imebadilishwa na fundi kwa chipu, kwa kuandika programu nyingine juu ya ile ya kampuni, au kwa kupitia kasoro iliyogunduliwa, ili iendeshe vitu ambavyo kampuni haikuvipitisha. Wapo wanaofungua kwa kutaka gemu za bure, na hao sitawatetea, kwa sababu anayetengeneza gemu naye ana watoto wa kulisha. Lakini wapo walioletewa Wii na ndugu aliyeko Ulaya, wakapata sidii iliyotengenezwa kwa soko la Marekani, mashine ikaitema kwa kuwa Wii imefungwa kwa kanda, yaani hucheza tu gemu za eneo la dunia ilikokusudiwa kuuzwa. Wapo ambao lenzi ya kusomea sidii imekufa kwa vumbi, na njia nafuu waliyonayo ni kuhamishia gemu zao kwenye hadi diski. Wapo pia walionunua gemu kwa pesa zao katika duka la mtandaoni la Wii, lililofungwa tarehe 30 Januari 2019, au la Nintendo 3DS, mashine ya mkononi, lililoacha kuuza Machi 2023, na sasa wanataka tu kuhifadhi walicholipia.

Nina banda dogo la gemu hapa Tanga, lenye mashine nne na televisheni nne, ambamo vijana hulipa shilingi 500 kwa mechi moja ya mpira. Mashine moja niliinunua ikiwa imetumika, kwa muuzaji aliyeniambia tu kwamba ina gemu ishirini ndani, nami nikazifurahia ishirini hizo bila kuuliza ziliingiaje. Likizo ya Desemba nilimwachia banda mpwa wangu aliyekuwa kidato cha pili. Mteja mmoja akawasha hotspoti ya simu yake na kumshawishi aiunganishe mashine ili wapate vikosi vipya vya timu. Mashine ilipoonja mtandao ikaleta maandishi ya Kiingereza yenye mahali pa kukubali, na kijana, kama mtu yeyote aliyezoea simu, akabonyeza pedi. Niliporudi kutoka msikitini alasiri nilimkuta amesimama mlangoni. "Mjomba," aliniambia, "imemaliza vizuri kabisa, ila gemu zote zimejifunga." Nilichukua pedi nikazipitia moja baada ya nyingine: kila picha ilikuwa na alama ndogo ya kufuli pembeni, zote ishirini, na kilichokubali kucheza kilikuwa sidii moja ya halali niliyokuwa nayo, tena yenye mikwaruzo. Fundi niliyempelekea alitazama namba ya toleo kwenye skrini kwa muda usiotosha hata kukaa kwenye benchi, akanirudishia mashine na kuniambia kuwa toleo hilo hana njia ya kulifungua, na kwamba haliwezi kurudishwa nyuma.

Hilo la kutorudi nyuma ndilo lililonishangaza, na ndilo ambalo ukurasa wenu haukuligusa. Tumezoea kwamba programu iliyowekwa inaweza kuondolewa, lakini mashine ya gemu haikuundwa hivyo. Kabla ya kuweka toleo lolote hukagua sahihi ya kampuni na namba ya toleo, na namba ikiwa ya chini kuliko ile iliyopo, hukataa. Xbox 360 na Switch zimeenda mbali zaidi: ndani ya kichakataji chake mna fyuzi ndogo mno ambazo baadhi ya masasisho huzichoma, na fyuzi hizo zikishaungua haziungiki tena. Programu ya zamani ikiwashwa huhesabu zilizoungua, na ikikuta zimezidi idadi inayoijua, haiwaki. Ndiyo maana mafundi wa Xbox 360 walikuwa wakibandua rezista moja kwenye saketi, ndogo kuliko punje ya mchele, iliyoandikwa R6T3, ili nguvu ya kuchomea fyuzi isifike ilikokusudiwa. Wasiokuwa na habari hizo walikiona cha moto Agosti 2009, sasisho lilipotoka na kuziba njia maarufu ya kuifungua mashine hiyo. Aliyelikubali alipoteza kwa dakika chache alichokuwa amemlipa fundi.

Mtu anaweza kusema kwamba aliyefungua mashine amejitakia. Basi tutazame yaliyowapata hata ambao hawakugusa skrubu. Mwishoni mwa Septemba 2009 Nintendo, kampuni yenye Wii na Switch, ilitoa toleo 4.2 la Wii, ambalo pamoja na mengine liliandika upya sehemu ya mwanzo kabisa ya uwashaji, iitwayo boot2, ambako wapenzi wa mashine hiyo walikuwa wakiweka programu yao ya BootMii. Sehemu hiyo ni kama msingi wa nyumba, ukikosea hapo hakuna ukuta wa kushikilia. Uandishi ule ulishindwa katika baadhi ya mashine, nazo zikafa, zikiwemo ambazo hazijawahi kuonwa na fundi yeyote. Mwaka 2013, mwezi wa Juni, Sony, kampuni yenye PlayStation, ililazimika kuliondoa toleo 4.45 la PlayStation 3 baada ya mashine kadhaa za wateja wa kawaida kugoma kuwaka sawasawa, ikaja na toleo jingine la kurekebisha.

Kisa cha PlayStation 3 cha mwaka 2010 kinanigusa zaidi, kwa kuwa hapo hakukuwa na ajali. Mashine hiyo iliuzwa ikiwa na uwezo uliotangazwa na kampuni yenyewe wa kuwekwa mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta kama Linux, na watu wakainunua kwa ajili ya kazi za hesabu nzito. Maabara ya utafiti ya Jeshi la Anga la Marekani iliunganisha PlayStation 3 zipatazo 1,760 kuwa kompyuta moja kubwa. Tarehe 1 Aprili 2010 likatoka toleo 3.21 lililoufuta uwezo huo. Mwenye mashine aliachiwa achague: akubali na kupoteza Linux yake, au akatae na kupoteza michezo ya mtandaoni. Wanunuzi walikwenda mahakamani nchini Marekani, na baada ya miaka mingi kesi iliishia kwa mapatano ya dola milioni 3.75, ambazo ukizigawa kwa wingi wa walionunua huoni mtu akinunua hata pedi mpya. Na Mei 2025 Nintendo ilibadilisha masharti yake ya matumizi kwa wateja wa Marekani, ikajiandikia kwamba ikigundua mashine imechezewa inaweza kuifanya isitumike kabisa, yote au sehemu yake. Hapo maneno yamekuwa wazi: chombo umekinunua, kimekaa sebuleni kwako, kinatumia umeme wako, lakini ufunguo wa mwisho uko kwa mwingine.

Ili nisionekane ninavuta upande mmoja, nikiri kwamba kubaki kwenye toleo la zamani nako kuna gharama. Ndani ya PlayStation 4 kuna betri ndogo ya duara, kama ya saa, inayotunza wakati. Kabla ya toleo 9.00 la Septemba 2021, betri hiyo ikifa na mashine ikakosa kuwasiliana na mtandao wa kampuni ili kupata saa sahihi, iliweza kukataa kucheza hata sidii halali iliyoshikwa mkononi. Toleo hilo ndilo lililoondoa kasoro hiyo, kimyakimya. Kwa hiyo anayeshikilia toleo la nyuma zaidi ya hapo ajue kwamba umri wa betri yake ni jambo la kufuatilia. Tena si kila mashine iliyofunguliwa ni dhaifu sawa. Kasoro iliyotangazwa mwaka 2018 katika Switch za mwanzo imo katika sehemu ya kichakataji isiyoandikika upya, hata kampuni ikalazimika kutengeneza vichakataji vingine, kwa hiyo mwenye mashine hizo za awali hafungiwi mlango moja kwa moja na sasisho. Anayeuliza kama akubali au akatae lazima kwanza aulizwe: mashine gani, toleo namba ngapi, na ilifunguliwa kwa njia ipi.

Sasa nije kwenye kinga, nikianza na ile ambayo karibu kila mtu huitaja kisha akaridhika, yaani kuzima mtandao. Ni kinga ya kwanza na ni nzuri, ila ifanywe kikamilifu. Haitoshi kuzima waifai leo. Ingia kwenye mipangilio ufute kabisa mitandao iliyohifadhiwa, kwa sababu mashine ikikumbuka nywila ya hotspoti ya mteja, siku mteja huyo akipita na simu yake mfukoni itaunganika yenyewe. Zima upakuaji wa kujiendesha, na usiiache katika hali ya kusinzia yenye taa ya rangi ya chungwa, kwa sababu mashine iliyosinzia si iliyolala: inaweza kupakua usiku na kukungoja asubuhi na sasisho limeshakamilika. Ukikuta tayari limepakuliwa lakini halijawekwa, usibonyeze kitu kwa pupa. Mara nyingi linaweza kufutwa kwenye orodha ya vilivyopakuliwa, na orodha hiyo ni ya kukaguliwa kila mara.

Wasichokijua wengi ni kwamba sasisho haliji kwa mtandao peke yake. Sidii nyingi za Wii, PlayStation 3 na PlayStation 4 hubeba sasisho ndani yake, na kadi za gemu za Switch vilevile. Unaweza kuishi kijijini kusiko na mnara hata mmoja wa simu, ukanunua sidii mpya ya halali, ukaiingiza, na mashine ikakuambia haitacheza mpaka isasishwe kutoka kwenye sidii hiyohiyo. Kwa Wii hatari ni mbili, kwa kuwa sasisho la sidii ya kanda nyingine likiingia linaweza kuivuruga mashine nusu, ikawaka lakini isifungue mipangilio yake. Wenye Wii wamekuwa wakitumia programu ndogo iitwayo Priiloader, ambayo ina sehemu ya kuzuia masasisho ya mtandao na ya sidii. Kwa mashine nyingine, soma kwanza toleo ambalo gemu inalihitaji; likizidi lako, acha gemu hiyo iende.

Wapo wanaotaka mashine ibaki na mtandao, labda kwa ajili ya kutazama video. Njia yao ni kuzuia anwani za seva za masasisho, yaani kompyuta za kampuni zinazoyagawa, kwenye ruta, kile kifaa kinachogawa mtandao nyumbani, au kubadilisha namba za DNS ndani ya mashine ili maombi ya sasisho yapotee njiani. Hapa nina wasiwasi wangu. Namba hizo husambazwa kwa mafundi na vijana kama namba za bahati, na anayeziandika mara nyingi hajui seva hiyo ni ya nani. DNS ndiyo inayoiambia mashine yako mlango upi ni wa nani. Ukimkabidhi mgeni kazi hiyo, siku akiamua kukuelekeza kwingine, au seva yake ikizimwa na mashine ikarudi kwenye njia ya kawaida, utajua baada ya madhara. Aliye na ruta yake mwenyewe afunge anwani hizo humo. Asiye na ruta, aache kutafuta video kwenye mashine ya gemu, simu anayo.

Kinga kubwa kuliko zote, ambayo mafundi wetu wengi huiruka kwa kuwa inachukua muda na mteja haioni, ni kutoa nakala kamili ya kumbukumbu ya ndani siku ileile mashine inapofunguliwa, kabla ya kuweka kitu kingine chochote. Katika Wii kazi hiyo hufanywa kwa BootMii, na Switch na 3DS zina njia zake. Nakala hiyo huwa na funguo za siri za mashine hiyo peke yake, kwa hiyo ya jirani haikufai hata kama mlinunua duka moja siku moja. Sasisho likiharibika katikati, au umeme ukikatika wakati mstari wa bluu umefika nusu, ambalo kwetu si jambo la kusimuliwa, nakala hiyo pamoja na fundi mwenye vifaa ndiyo inayoweza kukurudishia mashine yako. Iweke kwenye flashi mbili na zote zisikae mfuko mmoja. Kwa Switch kuna busara nyingine ya ziada: mfumo uliobadilishwa huendeshwa kutoka kwenye nakala iliyowekwa katika memori kadi, na ule wa ndani ukaachwa safi bila kuguswa, ili likiharibika lolote uharibifu uishie kwenye kadi.

Mwisho wa upande huu, tusidhani kwamba sasisho baya hutoka kwa kampuni tu. Oktoba 2005 kulisambazwa programu iliyojidai inairudisha PSP, mashine ya mkononi ya Sony, kwenye toleo la zamani, na wenye hamu wakaipokea kwa mikono miwili. Kumbe ilifuta mafaili ya mfumo na kuiacha mashine ikiwa haiwezi kuwaka. Mwanzoni mwa 2014 programu ya kadi moja ya kufungulia Nintendo 3DS, iitwayo Gateway, iligundulika kuwa na amri za kuua mashine, zilizolengwa kwa waliotumia kadi za washindani zilizoiga ile ya Gateway. Yaani mtu aliyekimbia sasisho la kampuni aliuawa na sasisho la waliomfungulia. Faili lolote la kuandika programu ya ndani ni la kutiliwa shaka mpaka mwenye ujuzi alihakiki, hasa linalokuja kwenye kundi la simu likiwa na maneno "toleo jipya, weka haraka".

Ninachoomba kwa wauzaji wa mashine zilizotumika na mafundi wenzao ni kidogo. Mashine ikiwa imefunguliwa, mnunuzi aambiwe, aandikiwe namba ya toleo kwenye risiti, na aonyeshwe kwa macho yake mahali pa kuzimia masasisho. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamlinda mnunuzi dhidi ya maelezo ya kupotosha, na sioni kwa nini kusema "ina gemu ishirini" na kunyamaza kuhusu kilichoziwezesha kusichukuliwe kuwa upotoshaji. Na kwa mwandishi wa ukurasa wenu, ambaye namsoma kila wiki na nitaendelea kumsoma, naomba akirudia somo la masasisho aitenge mashine ya gemu katika aya yake.

Ile mashine ya kufuli bado iko bandani, inacheza sidii moja, na wateja wenye haraka huichagua kwa sababu foleni yake ni fupi. Zile nyingine tatu nimezibandikia utepe mweupe juu, umeandikwa namba ya toleo na chini yake maneno "usiunganishe mtandao". Mwandiko ni wa mpwa wangu.

Wako mtiifu,
Mwenye banda la gemu,
Tanga